Kumsimamisha Mzee

Barua ya balozi wa nyumba kumi ilisema nina tabia njema "akiangaliwa." Nilimbembeleza mzee wa watu alifute neno la mwisho, naye akanipunguzia: akaandika "akiangaliwa kidogo." Nikaichukua. Miaka ile, kijana wa kununua na kuuza pale stesheni ya Kilosa aliitwa mlanguzi hata akiwa na fungu moja la vitunguu. Balozi alikuwa amenipa njia mbili: nipate nafasi ya mafunzo ya usalama barabarani kule Mikumi, au mvua zinikute na jembe katika shamba la kijiji, Chanzuru. Jembe nalijua. Ndiyo maana nilikwenda Mikumi.

Tulikuwa waombaji kumi na tisa. Nikahesabu tena, tukawa kumi na tisa vile vile. Nafasi nne.

Alama za barabarani nilikuwa nimezikariri zote. Mkufunzi hakuuliza hata moja. Alitupanga kwenye njia ya vumbi kando ya lami, akamwita mzee mmoja mwenye kanzu, mstaafu wa reli, aliyekuwa na baiskeli isiyo na breki. Breki yake ilikuwa kandambili ya mguu wa kulia.

"Msimamisheni," alisema mkufunzi. "Mmoja mmoja."

Nani asiyeweza kumsimamisha mzee? Nikajitokeza wa kwanza. Alipokaribia niliinua mkono na, kama nilivyolelewa, nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo," nilijibu, lakini tayari nilikuwa nasema na mgongo wake.

Wa pili akalikwepa kosa langu. "Wewe, simama!"

Mzee hakupunguza hata mwendo. "Mtoto wa nani huyu asiyeamkia watu?" Akapita. Waliofuata waligawanyika hivyo hivyo, wenye adabu na wasio nayo, na vumbi likatugawia sote sawa.

Nilimfuata mkufunzi. "Ndugu, ile yangu ilikuwa ya kupima mkono tu. Nipe moja ya haki."

"Hapa si stesheni, ndugu. Lori halina bei ya mwisho."

Wa kumi na sita alikuwa binti wa Kidete, aliyekuja kwa treni mpaka Kilosa, khanga kiunoni. Hakupiga kelele. Alimwendea mzee mkono mmoja juu, kwa mkono wa pili akashika usukani, gurudumu likatulia. Hapo ndipo alipopiga goti, usukani bado anao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umenikamatia farasi wangu?"

"Hana breki, babu. Shuka, nitakusukumia mpaka kwa fundi."

Mzee akashuka huku anacheka. Nimeishi sokoni miaka mingi, sijaona mtu mwingine aliyevunja adabu akaiunga kabla vipande havijagusa chini.

Nyuma yake walikuwa wamebaki watatu. Wote watatu walimwiga, wote wakafaulu. Mkufunzi alisema kujifunza kwa kuona ndiyo kazi yenyewe. Majina manne yakasomwa. Niliomba yasomwe tena. Yakasomwa tena, yale yale. Basi, Chanzuru.

Nilimkuta binti yule kando ya lami, akingoja kuvuka kwenda kuandikishwa. "Dada, hebu niambie, nani alikufundisha?"

"Babu yangu. Macho yamepungua, lakini kila asubuhi anataka kuvuka mto Mkondoa aende shambani. Ukimwamkia kwanza, ameshaingia majini. Kwa hiyo mimi namshika fimbo kwanza. Shikamoo inamkuta mahali pakavu."

"Na hakasiriki?"

"Hukasirika. Lakini hukasirika akiwa mkavu."

Nilicheka, nikapiga hatua mbele nikitaka kumuuliza jambo la pili. Mkono wake ulikuwa kifuani kwangu kabla sijaliona lori la Zambia. Upepo wake ulinivua kofia. Lori lilipokwisha kupita, ndipo aliposema, kwa heshima zote:

"Samahani, kaka."

Nikahesabu vidole vyangu vya miguu. Kumi. Nikarudia.