Baba kwa Wingi

Mwalimu Loisi alipompeleka mama yake hospitali Mbeya, kipindi cha Kiingereza cha kidato cha pili kilibaki mikononi mwa Ruti, kiranja wa darasa. Kazi iliyoachwa ilikuwa nyepesi: kila mmoja aandike sentensi mbili kuhusu baba yake, kisha Ruti asahihishe ubaoni. Kizito kilikuwa onyo la mkuu wa shule. Akipita akakuta kelele, au makosa ubaoni, darasa zima litapalilia kahawa ya shule vipindi vyote vya Kiingereza mpaka mwalimu arudi.

Na mtihani wa taifa ndio huo unakuja, na Kiingereza cha watoto wa huku kijijini Iyula tunakijua, cha kuungaunga. Ruti hakutulia. Mara anageukia ubao, mara anachungulia dirishani, anafuta alichoandika, anachungulia tena. Wa nyuma walishaanza kurushiana vipande vya chaki.

“Soma, Osea,” alisema.

Osea alisimama, akajikohoza. “My father are a farmer. They love us.”

“Kwani una baba wangapi wewe?”

Darasa likaangua kicheko. Osea hakucheka. “Mmoja. Ila siwezi kumtaja kama namtaja mbuzi. Wewe kwenu unasemaje?”

Hapo Ruti akabanwa. Kwa Kinyiha, lugha ya kwao, mtoto mwenye adabu humtaja baba yake kwa wingi. Ukimtaja kwa umoja utaulizwa umelelewa na nani. Mle ndani karibu wote walikuwa wameandika hivyohivyo, kasoro Brian, mtoto wa Tunduma mjini, ambaye hakuwa ameandika chochote.

“Kiingereza hakina mambo hayo,” Ruti akasema kwa ukali. “Mtu mmoja ni ‘he’, awe baba, awe mwizi wa kuku.”

“Basi andika wewe. Mtaje wa kwako.”

Wote walijua baba yake Ruti alizikwa mwaka jana. Osea mwenyewe akainamisha kichwa, lakini maneno yalishamtoka. Ruti akachukua chaki. Akaandika “My father”, akasita, kisha akajikuta ameandika “were”.

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa shule akaingia, akasimama mbele ya ubao.

“Nani kaandika hii?”

“Mimi, mkuu.”

“Baba yako alikuwa kundi?”

Mkuu akagonga ubao kwa kidole.

“Haya, sahihisha. Kwa sauti, wote wasikie. Ukishindwa, shamba mnalijua lilipo.”

Ruti akafuta kwa kiganja. “My father was a farmer,” alisema huku akiandika. Kwa neno lililofuata chaki ikasimama. Kisha akalisukuma. “He loved us.”

“Hayo ndiyo maneno. Endeleeni,” mkuu alisema, akatoka zake.

Darasa likashusha pumzi. Vipindi vimepona. Brian akapiga makofi, Osea akamkanyaga mguu anyamaze.

Ruti hakugeuka, machozi yake yasije yakaonekana. Aliona aibu iliyomchoma, kana kwamba amemvunjia baba yake heshima mbele ya watu, naye hayupo wa kumkemea. Kimoyomoyo, kwa lugha ya nyumbani, akamwambia: nisameheni, baba.