Tangazo Nililolisikia Uani

Nyumba tunayokaa Abu Hamour, hapa Doha, ni villa ya zamani iliyokatwa vyumba vidogo vidogo kwa mbao. Chumba chetu kiko chini, kwa nyuma, na mlango wake unafungukia uani. Nakaa na mwenzangu Mkenya ambaye anamhudumia bibi mmoja mgonjwa katika nyumba ya Waarabu. Mimi natoka Unguja, na kazi yangu ni dobi katika hoteli moja ya West Bay.

Dishi tulilikuta juu ya paa, limeachwa na wapangaji waliotutangulia. Fundi alilizungusha mpaka likanasa redio ya nyumbani, sauti safi kama niko jikoni kwetu. Tatizo ni kwamba dikoda iko chumbani, na chumba chenyewe hakina dirisha. Miezi ya baridi, Doha inapokalika, nani atake kujifungia ndani? Fundi yuleyule akaniletea kidude kidogo. Unakichomeka nyuma ya dikoda, kinarusha sauti hewani bila waya, na redio yoyote ndogo iliyo karibu inaidaka. Uani nasikia vizuri. Nikitoka nje ya geti, sauti inakatika.

Basi siku zangu za mapumziko zikawa hizo: beseni la nguo, redio juu ya ndoo iliyofudikizwa, na sauti za kwetu. Nilisikiliza kila kitu, kasida, taarabu, mkutano wa wazazi wa skuli nisiyoijua, na matangazo ya vifo. Mwenzangu alikuwa akinicheka.

"Dada, wewe kazi ni kuskiza matanga tu. Si uweke ngoma tucheze?"

"Kwetu ndivyo tunavyojua pa kwenda kuzika," nilimwambia.

Mama alikuwa anaumwa sukari muda mrefu. Wiki ile kila nikipiga simu kaka yangu mkubwa anapokea yeye, ananiambia mama amelala, mama ametoka kunywa dawa, piga kesho. Nikapiga kesho. Akaniambia tena amelala. Nilimwamini, maana ni kaka yangu na ndiye aliyekaa naye.

Ijumaa asubuhi niliamka nikakuta chai imeshatengenezwa na mkate umeshapakwa siagi. Si kawaida ya mwenzangu. Nikawasha redio uani, inakoroma tu.

"Hako kadude kameungua," akasema bila kunitazama. "Nimekatoa. Leo pumzika tu, dada."

Akachukua taulo, akaenda kuoga. Mimi nikaingia chumbani kutafuta sabuni ya unga, nikalifungua kabati lake kwa sababu sabuni tunachangia. Kidude kilikuwa pale, kimefungwa ndani ya soksi. Nikadhani amechoshwa na redio yangu, nikaudhika. Nikakichomeka mahali pake na taa yake ikawaka vilevile kama siku zote. Nikarudi kwenye beseni nikisema moyoni kwamba akitoka huko bafuni nitamweleza.

Nilikuwa nasugua kola ya sare yangu mtangazaji alipoanza matangazo ya vifo. Akasoma la kwanza. La pili akataja jina la mama yangu.

Nilidhani ni mtu mwingine. Majina yetu Unguja yanafanana. Lakini akataja mtaa, akamtaja kaka yangu, akawataja wadogo zangu, halafu akanitaja mimi, na kusema niko Doha. Amefariki jana alasiri. Maiti itasaliwa leo baada ya sala ya Ijumaa. Wanaombwa jamaa na marafiki popote walipo wapate taarifa hii.

Popote walipo. Kisiwa kizima kilikuwa kimeshapata taarifa, na mimi mtoto wake wa kike mkubwa napewa na mtangazaji, mikono imejaa povu.

Mwenzangu alitoka bafuni, akasikia redio, akasimama mlangoni.

"Ulijua," nikamwambia.

"Brathako alinipigia jana jioni. Akaniomba nikae na wewe, wakishazika ndio akuambie. Dada, nilidhani ndio mila yenu. Sikujua nifanye nini."

"Jana jioni ningepanda ndege. Ndege ya usiku ipo. Asubuhi hii ningekuwa nyumbani."

Nilimwaga maji yote ya beseni pale uani, nguo zikaanguka mchangani, nikaziacha. Nikampigia kaka.

"Nimesikia redioni," nikasema.

Nyuma yake nilisikia watu wanasoma Kurani.

"Sikiliza, dada'angu. Wewe uko peke yako ugenini. Tuliogopa ungepata mshituko kazini. Na ungesema tukusubiri, na maiti haiwekwi."

"Nani anamwosha?"

"Wapo mama zako wadogo."

"Mimi ndiye wa kumwosha. Mama alisema mbele yako. Ulikuwepo alivyosema."

"Yaliyopita si ndwele," akataka kusema, nikamkatisha kabla hajamaliza.

"Hayajapita. Bado yuko ndani, hujamtoa. Mpe simu mmoja wao, aniwekee sikioni kwa mama."

"Hilo haliwezekani. Watu wamejaa."

Akakata. Nikapiga tena, hakupokea. Nikapiga mpaka saa za Ijumaa zikafika, na saa zetu na za kwao ni sawasawa lakini adhuhuri ya kwao huingia nyuma kidogo, kwa hiyo msikiti wa jirani ulipoadhini nilihesabu dakika mpaka nikajua na huko wamesimama safu. Nilisali chumbani nikiwa na hasira mpaka nikakosea, nikaanza upya.

Mwenzangu aliziokota nguo zangu mchangani akazifua zote, hata zile safi. Jioni akakaa karibu yangu akalia, akaniambia angekuwa ni mama yake mwenyewe, yeye asingetaka afichwe. "Nisamehe, dada. Nilikosea vibaya." Huyu nilimsamehe. Alisema amekosea.

Kaka hakusema hivyo. Nilipata likizo, nikaenda, nikamkuta uwanja wa ndege amenyoosha mkono, nikapita na begi langu. Nyumbani nilimwomba mama mdogo anisimulie walivyomwosha, hatua kwa hatua, na hakunificha kitu. Aliniambia mama aliniulizia asubuhi ya siku aliyofariki, na kaka akamjibu kwamba niko kazini, simu haipatikani.

Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa aproni, inapatikana.

Siku ya mwisho kaka alinifuata ukumbini. "Nilifanya kwa ajili yako," akasema.

"Ulifanya ili usinisikie nikilia," nikamjibu. "Mimi si mtoto. Hukuwa na haki ya kunichagulia."

Akainamisha kichwa. Nilingoja neno moja tu kutoka kwake, na nilingoja sana, mpaka teksi ikapiga honi nje. Nikabeba begi langu mwenyewe. Mpaka leo tunaongea mambo ya nyumba na ya watoto wake, salamu tunapeana, lakini neno lile hajalitamka, na mimi sijaacha kulidai.