Nozeli Nyeupe

Mwosha magari wa Tangini hukaa na nozeli tatu, vichwa vya bomba la maji ya presha, kwenye mfuko wa shati, na kabla ya kuchomeka yoyote huipapasa kwanza kwa kidole gumba. Nyeusi ni ya kumwagia dawa ya kuoshea polepole. Nyeupe husuuza kwa maji mapana. Nyekundu, ambayo maji yake hutoka kama sindano, ndiyo iliyomkata kidole cha shahada kikatoka chote, naye huitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja jirani mbaya.

Asteria alimletea pikipiki ya marehemu mumewe, aliyegongwa njia ya Marui. Damu ilikuwa imekaukia kwenye tangi, juu ya jina la binti yao, Holo, ambalo marehemu aliliandika kwa rangi, kwa mkono wake.

“Fundi, jina lisitoke.”

“Nyekundu siigusi, mama.”

“Weka nyekundu twende!” shemeji yake Asteria, aliyekuja naye, akadakia. “Unamwogesha bibi harusi?”

Fundi alimwaga dawa kwa nyeusi, akaiacha ikae, kisha akachomeka nyeupe na kurudi nyuma hatua mbili. Lakini dawa ilikuwa imelainisha damu na rangi pamoja. Damu ikatoka, na herufi zikaifuata.

Akazima mashine, akakinga kiganja chini ya tangi. Rangi ikapita pale palipokosa kidole.