Sheria Mpya ya Lasti Kadi

Juzi nilipita mtaa wa Isevya, nikasikia kutoka ua wa watu nisiowajua karata zikichanganywa: frrr, kisha zikagongwa sakafuni zikae sawa. Nilisimama njiani kama niliyeitwa.

Kwetu, kila Ijumaa baada ya pilau, baba alifunika cherehani yake, tukatandika mkeka uani tukacheza lasti kadi: baba, mama, kaka yangu Shabani na mimi. Mchezo si mgumu. Kila mtu anagawiwa karata, moja inafunuliwa katikati, nawe unatupia inayofanana nayo: kopa juu ya kopa, au saba juu ya saba. Huna, unaokota. Ukitupa mbili, anayefuata anaokota mbili. Ukitupa nane, unachagua aina unayoitaka. Ukibakiwa na moja useme "lasti kadi!" kabla wenzako hawajakuumbua. Anayemaliza mwanzo ndiye mshindi. Wa mwisho anaosha vyombo.

Mama ndiye aliyekuwa hatari. Alishona kofia kwa mkono, tundu kwa tundu, na kwa macho yaleyale alitusoma nyuso. Akitabasamu, ujue ana nane.

Nilipokuwa darasa la tano akaanza kukosea. Karata zake alizisogeza karibu na pua; ile ya mkekani ndiyo iliyompotea. Siku moja akatupa uru juu ya kopa, tukapiga kelele.

"Mama, hiyo uru!"

"Ala! Haya, nipeni adhabu yangu." Akaokota huku akicheka.

Ijumaa iliyofuata akakosea tena, akaosha vyombo, navyo vikatoka na masizi. Shabani akamwita bibi kizee. Mama akacheka kutushinda sote.

Baba hakucheka. Tulipokaa tena mkekani, akigawa karata, alisema, "Kuanzia leo, anayetupa karata aitaje kwa sauti. Asiyetaja, anaokota."

"Kwa nini, baba? Si tunaziona?" Shabani alilalamika.

"Sheria ni sheria. Mama Shabani, anza wewe."

Basi ua wetu ukajaa makelele. "Saba ya kopa!" "Nane, nataka shupaza!" Mama akarudi kutufunga kama zamani, nasi tukafurahi. Kofia alikuwa ameziacha. Alisema vidole vinamuuma, na baba akaitikia kabla hatujauliza.

Nikiwa sekondari, mama aliungua mkono kwa mafuta ya kukaangia ambayo hakuyaona. Tukampeleka hospitali ya Kitete. Daktari alimpima mkono, kisha akamtazama macho kwa muda mrefu. Ilikuwa presha ya macho. Alitueleza taratibu kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi; angewahi mapema, dawa ya matone ingeweza kuulinda uliobaki.

Nilimkuta baba nje, kwenye benchi, kofia yake magotini.

"Aliniomba nisimwambie mtu," alisema. "Nilidhani namsitiri."

Wakati ule nilimkasirikia. Nimekuja kuelewa nikiwa na mume na watoto wangu: mama aliogopa kuitwa kipofu, na baba aliogopa kumsikia daktari akilitamka neno hilo. Kila mmoja akamficha mwenzake hofu yake, na kufichana huko wakakuona ni huruma. Nasi watoto tulikuwa tumekaa palepale, goti kwa goti, tukishangilia kufungwa na mama. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, "Mama, unaona?"