Kilio cha Baba Kwenye Simu za Watu

Baba yangu alikuwa mtu wa kulia. Wanaume wengi wa kijijini kwetu Nambis hujikaza, machozi yao wanayapeleka zizini, lakini yeye hakuona haya. Alilia nilipoolewa, alilia mjukuu wake wa kwanza alipobatizwa, na misibani alilia mpaka wenye msiba wenyewe wakamshika mkono kumtuliza. Mama alizoea kumtania kwamba machozi yake yangekuwa maziwa, sisi tungekuwa matajiri. Kijiji kizima kilimjua hivyo na hakuna aliyemcheka. Nayasema haya ili ieleweke walichomnyang'anya.

Alikuwa na rafiki yake mtaa wa Jorodom, pale Katesh, mfugaji wa Kibarabaig ambaye uzeeni alijenga karibu na mji. Urafiki wao ulikuwa wa ng'ombe. Kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwenye zizi lake. Mmoja au wawili anampelekea rafiki awatunze, rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki kuwa wako. Ugonjwa ukiingia kwako, huishiwi. Ila faida hiyo ndiyo ndogo. Kubwa ni kwamba mkishawekeana ng'ombe mmekuwa ndugu, na watoto wenu watasalimiana kama ndugu. Baba alikuwa amemwekea rafiki yake jike mweusi mwenye baka jeupe usoni.

Tope la Mlima Hanang liliposhuka na kufukia nyumba za Katesh, baba alipanda gari la viazi, akafika Jorodom kesho yake. Palipokuwa na nyumba palikuwa na tope, mawe na magogo tu, na watu walikuwa wanachimba kwa kubahatisha. Alizunguka mpaka akaliona lile baka jeupe. Ng'ombe alikuwa amekufa, nusu amefukiwa, kamba ya shingoni bado imefungwa kwenye nguzo ya zizi. Nguzo ile baba aliisimika kwa mikono yake pamoja na rafiki yake. Ilikuwa nyuma tu ya chumba walicholala yule mzee na mkewe. Kwa hiyo baba alijua amesimama juu ya nini. Akapiga magoti, akaishika pembe, akalia kwa sauti. Kisha akawaonyesha wachimbaji mahali. Walichimba hapo, wakawatoa wote wawili.

Mtu mmoja mwenye simu alirekodi pembe na kilio. Kuchimba hakukurekodi. Akaandika, "Wenzake wanatafuta watu, mzee analilia kitoweo," akairusha video hiyo mtandaoni.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Mbulu mjini. Siku moja umeme ulikatika tukiwa na kazi nyingi za kipaimara, na mafundi wenzangu wakaanza kulalamika kwenye grupu letu. Mmoja akatuma stika ya mzee analia, mdomo wazi, kamasi zinamtoka, chini pameandikwa "Nyama imeisha". Wenzangu wakacheka kwa vile vikatuni vya kucheka mpaka kulia. Nililitambua koti kabla ya uso. Kiraka cha begani nilikitia mwenyewe, kwa kitambaa kilichobaki kwenye sare ya shule.

Niliwaandikia: huyo ni baba yangu. Baadaye mmoja akaandika, "Pole dada, hatukujua." Hawakujua! Walidhani mtu anayelia kwenye simu hana mtoto?

Nilimtafuta aliyerusha. Haikuwa kazi ngumu, kwa sababu watu wa namna hiyo hawajifichi, wanataka wajulikane. Ni mtu mzima, ana mke na watoto, anauza vifaa vya simu Katesh. Akanipa kiti, akanisalimia vizuri.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mzee wa kitoweo ni baba yangu."

Alitazama chini, lakini si kwa muda mrefu. "Dada, mimi nilirusha kwa nia nzuri. Dunia ione hali yetu. Watu walileta hadi mablanketi huku kwa sababu ya hizo video."

"Na hayo maneno uliyoandika, nayo yalileta blanketi?"

"Ule ulikuwa utani tu. Bila utani watu hawafungui."

"Ulimwomba ruhusa?"

Akanishangaa kweli. "Nimwombe vipi, dada? Si alikuwa analia?"

Jibu lile ninalo mpaka leo. Kwake yeye kilio ndicho kilichokuwa ruhusa. Nikamweleza habari za nguzo, za chumba, za rafiki. Akasikitika, akasema angejua, angeandika vingine. Tena akaniuliza kama mzee angekubali wakamhoji, ili watu wajue ukweli. Nilitamani kumzaba kofi. Akaifuta video mbele yangu, nami nikatoka nikijua amefuta cha kwake tu. Maji yakimwagika hayazoleki. Stika ilikuwa imeshapewa maneno mengine, ikawa ya timu zilizofungwa, ya wachumba walioachana, na wala haikuhitaji tena ng'ombe.

Tuliafikiana na mama tusimwambie baba. Yeye simu yake ni ya tochi, tukajidanganya kwamba inatosha. Akaja kujua mnadani. Alikuwa anauliza bei ya ndama, muuzaji akamkazia macho, akawaita wenzake: "Njooni! Si ndiye huyu wa kitoweo?" Wakamwonyesha stika kwenye simu. Walimwomba hata apige nao picha, na baba, kwa adabu yake, akasimama akapigwa.

Alipita kibandani kwangu jioni ile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Akakaa, akauliza, "Hivi ile picha inakaa wapi?"

"Kwenye simu za watu, baba."

"Basi waambie waifute."

Nilimweleza kwamba siwajui, ni wengi, wako kila mahali. Alisikiliza kama mtu anayeelezwa dawa ya ugonjwa usiopona. Mwisho akasema, "Walifikiri nalilia nyama. Msibani kwa rafiki yangu, mimi nalilia nyama." Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa alie, na hakulia.

Tangu hapo alikuwa anafika msibani, anasalimia, anakaa mwisho kabisa karibu na njia, blanketi limefika puani. Wajane waliokuwa wakimtegemea awaanzishie kilio walimwona anatazama mikono ya watu, nani ameshika nini. Kijijini wakasema mzee siku hizi ana majivuno.

Halafu mama akafariki. Figo zilimchosha miezi mingi, tukamzika nyumbani, pembeni mwa shamba la mahindi. Siku hizi hakuna mazishi bila simu. Ndugu wa Dodoma na Arusha wasioweza kufika wanataka waone moja kwa moja, na wanaona wana haki. Niliwasihi tangu asubuhi, tafadhali, msimpige mzee picha. Wakaitikia wote. Jeneza lilipoanza kushuka, simu zikainuka.

Baba alisimama ukingoni kando yangu. Mwenye mke wa miaka yote ile, mtu aliyelia kwa ubatizo, alikuwa ameuma meno hadi taya linamtetemeka. Nyuma yetu shangazi mmoja akamnong'oneza mwenzake, akidhani sisikii: "Hata chozi? Kumbe hakumpenda." Nilitaka kugeuka nimtukane, lakini mkono wa baba ulikuwa umenikamata kwa nguvu.

"Wamemaliza?" akaniuliza kwa sauti ndogo, bila kuinua macho.

Nikazitazama simu. "Bado, baba."

Udongo ukaingia. Akauliza tena, nikamjibu vilevile. Wakamfukia mama kabisa, wakapanga maua, wakaimba wimbo wa mwisho, na simu zilikuwa bado ziko juu.