Mpishi wa Keya

Mimi nina mdomo, sikatai. Ndiyo maana kanisa letu hapa Nunguni lilipoamua kumheshimu babu yangu, mzee wa karibu miaka mia aliyerudi hai kutoka vita vya Burma, nilipewa mimi kazi ya kusoma habari zake mbele ya watu. Kuziandika alipewa baba mkubwa, kifungua mimba wa babu na mzee wa kanisa, mtu ambaye hata salamu anaitoa kama hotuba.

Jumamosi nilikwenda kumsomea babu kwanza, maana si vizuri mtu asifiwe mambo asiyoyajua. Nilisoma kwa sauti kwa sababu masikio yake yalikuwa yamechoka. Nilipofika mahali paliposema kwamba akiwa Keya, yaani jeshi la Mwingereza kama wazee wetu walivyoliita, alishika bunduki ya rashasha akawafyeka Wajapani, akaniinulia mkono.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, babu."

"Mimi? Mimi nilikuwa mpishi."

Hilo nililijua tangu utotoni. Babu alikuwa mwanamume pekee kijijini aliyeingia jikoni bila kuitwa. Chapati ninazouza leo kwenye hoteli yangu sokoni ni yeye aliyenifundisha, naye alifundishwa na askari Mhindi huko huko vitani. Ukimletea kuni mbichi alikurudisha nazo mlangoni. Alituambia kwamba kule msituni moshi ukionekana mizinga inafuata, kwa hiyo alipasua kuni kavu vipande vyembamba kama kidole, akapikia ndani ya shimo. Wanasema pafukapo moshi pana moto. Babu alikuwa na moto kila siku, na moshi hakuna adui aliyeuona. Mimi nilijivunia hilo kuliko rashasha mia.

Baba mkubwa aliposikia nataka kubadilisha maneno yake, alinikata jicho.

"Mpishi? Mbele ya pasta? Watu watacheka, waseme baba yetu alikwenda vitani kufanya kazi ya wanawake."

Nikamwambia ni kazi hiyo hiyo ya wanawake iliyomlea yeye mpaka akaota kitambi. Akasema sina adabu. Siku hiyo kweli sikuwa nayo.

Babu alituacha tubishane mpaka tukachoka. Kisha akasema polepole, "Nimebakisha siku chache. Msinizike nikiwa mtu mwingine."

Basi usiku huo nikayaandika upya maneno yote kwa mkono wangu, na Jumapili nikasoma: mpishi. Neno nililitamka lote. Kicheko kikatoka nyuma kwenye benchi za vijana, kikapokewa na wanaume wazima. Baba mkubwa akainamisha kichwa. Nilishikwa na hasira, nikawa tayari kuwapasha, pasta awepo asiwepo. Lakini babu alikuwa amenyoosha mkono akitaka maiki.

"Siku moja nilipika chakula cha watu thelathini," akasema kwa kile Kiswahili chake cha jeshini. "Wakapanda mlima. Waliorudi kula ni kumi na mmoja. Kile kingine sikumwaga. Nilikaa nacho nikiwangoja, siku mbili, mpaka kikachacha."

Akanirudishia maiki, akaketi. Mimi nililia, na sikujificha.

Hapo baba mkubwa akainuka kwenye viti vya wazee, akaja mbele, akaichukua karatasi mkononi mwangu. Nilidhani anataka kuichana. Akavaa miwani, akarudi mstari wa kwanza, akaanza kusoma upya kwa sauti yake ile ya hotuba. Kila mahali nilipokuwa nimeandika "babu", yeye alisema "baba yangu". Alipofika kwenye neno mpishi, alilisoma mara mbili.