Hakimu Aliyengoja Mabibo

Bi Zuhura Chilumba alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo Nanyamba kwa miaka kumi na mmoja, akinakili hukumu za wanaume. Kisha akaenda kusomea uhakimu, na mwaka 1975 akarudi na barua: hakimu wa majaribio, mwaka mmoja. Akishindwa, anarudi ukarani, na kiti hicho nilikuwa nimeshakikalia mimi.

Wakati ule hukumu ilikwenda kwa wingi wa kura: hakimu mmoja, wazee wa mahakama wawili. Mmoja wa wazee hao, Mzee Selemani Likwembe, alitutangazia mapema, "Sisi wawili, yeye mmoja. Hesabu hiyo hata mbuzi anaijua." Bi Zuhura alipoingia tulisimama. Mzee akabaki kitako, eti anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya Asha, mjane aliyehamishiwa kijiji cha ujamaa. Aliporudi kupalilia mikorosho yake minane, alimkuta jirani yake Hassani akiapa kwamba kaipanda yeye. Kwetu mti ni wa aliyeupanda, lakini mashahidi waligawanyika nusu kwa nusu. Tena ilikuwa Machi, mikorosho haina hata ua.

Bi Zuhura akatupeleka shambani. Chini ya kila mti akamwuliza Asha, kisha Hassani, mmoja mmoja, mwenzake akiwa mbali: "Huu mabibo yake mekundu au ya njano?" Nikaandika majibu. Kisha akaahirisha kesi hadi Novemba!

Nanyamba nzima ilicheka, nami nilicheka, Mungu anisamehe. Mzee Selemani akapeleka malalamiko Mtwara kwamba mwanamke anangoja matunda badala ya kuhukumu.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Bi Hakimu," nilimtania.

"Na mvumilivu hula mbivu. Wewe tunza karatasi."

Novemba tukarudi. Nikasoma: mti wa kwanza, Asha kasema njano, Hassani mekundu. Tukainua macho. Njano tupu! Asha alipatia miti yote minane. Hassani alipatia mitatu, na kufikia mti wa sita alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

Mzee Selemani alichuma bibo, akaling'ata, maji yakamchuruzika ndevuni. "Mikorosho ni ya Asha," akasema, hajaulizwa.

Desemba barua ya kumthibitisha Bi Zuhura ikafika. Furaha niliyokuwa nayo, utadhani nimethibitishwa mimi. Asubuhi ile alipoingia mahakamani, nilichelewa kunyanyuka, nilikuwa natafuta kalamu. Mzee Selemani alikuwa keshasimama, kifua mbele.

"We karani!" akafoka. "Unafunga kamba za viatu?"